Viwanja Mia vya Damu

"Mama, mshikilie mkono. Ni mara moja tu."

Mtaalamu wa maabara amekwisha kukisugua kidole cha pete cha mtoto kwa spiriti na kungoja kikauke. Anatoboa. Tone la kwanza analifuta, la pili analipokea juu ya slaidi, kisha kwa kona ya slaidi nyingine analikoroga taratibu mpaka liwe duara la sentimita moja. Analiweka juu ya gazeti: herufi zikisomeka kwa taabu, unene umefaa.

Likishakauka, linaingia kwenye rangi ya Giemsa, yenye jina la Mjerumani aliyeibuni. Maji ya rangi hiyo hupasua chembe nyekundu. Zinabaki chembe nyeupe na vimelea vya malaria. Kusuuza nako kuna mkono wake. Vumbi la rangi likiachwa, jicho changa hulihesabu kuwa malaria.

Aliponipisha kwenye hadubini niliona vipete vya buluu, kila kimoja na nukta nyekundu kama kito. Pembeni ilikaa chembe nyeupe kubwa yenye chengachenga za kahawia ndani: masalia ya vimelea ilivyokwisha kumeza. Akasogeza slaidi kidogo, akanionyesha kimelea kilichopinda kama ndizi. Hicho hakimletei mtoto homa. Kinamngoja mbu jike wa Anofelesi aje anyonye, akipeleke nyumba ya jirani. Katika tone moja nilimwona mvamizi, mlinzi na msafiri.

Kisha akahesabu, vimelea upande mmoja, chembe nyeupe upande wa pili, mpaka chembe nyeupe zikafika 200. Kipimo cha haraka hujibu ndiyo au hapana, na chaweza kuendelea kusema ndiyo wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Yeye hupata wingi, na akihesabu tena siku ya tatu ya matibabu atajua kama dawa inafanya kazi.

Lakini ustadi wake niliuona zaidi kwenye slaidi iliyofuata, isiyo na kitu. Kanuni humtaka apitie angalau viwanja 100 vya lenzi kabla ya kuiweka chini. Alikwenda mstari kwa mstari, kama apaliliaye matuta, foleni ikikohoa mlangoni. Alipomaliza hakuandika kwamba mgonjwa hana malaria. Aliandika: vimelea havikuonekana.