Alizikwa Mara Mbili: Namna ya Kupima Fumbo la Wengi

Fumbo zuri hujifunga lenyewe. Ukishalipatia jibu huna haja ya kumpigia simu aliyelitega umuulize kama umepata: kila neno lililokuwa likining'inia linakaa mahali pake, na hakuna kipande kinachobaki mkononi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na fumbo lisipopita hapo sina haja ya kuendelea. Mengi ya yale yanayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp huangukia mlangoni. Yana majibu matano yanayofaa sawasawa, na lililo sahihi ni lile tu ambalo mtegaji alikuwa nalo kichwani.

Tupime kwa mfano wa nyumbani. Mtu anakutegea: "Mapacha wameliwa, ndugu wamezaliwa." Mkulima wa kahawa wa Kamachumu atashtukia neno mapacha, kwa sababu tunda la kahawa ukilimenya unakuta punje mbili zimebanana, bapa kwa bapa. Lakini punje zinaliwaje, na hao waliozaliwa ni akina nani? Hapo mkulima kijana anakwama, na anaingia mzee anayeujua omukago, undugu wa kuchanjiana wa Wahaya: punje za tunda moja zilipakwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake, na tangu hapo watu wasiochangia tumbo wakawa ndugu. Fumbo lina maneno manne na hakuna hata moja lililokaa bure. Sasa litie mkononi mwa mtegaji mvivu: "Nipo shambani, nina watoto wawili, naliwa na marafiki." Habari ni ileile, lakini kufuli limevunjika. Aliyejibu karanga ana haki ya kudai mji wake, na tena mji mkubwa.

Ughaibuni mchezo huu umekua ukawa kazi ya watu wanaolipwa mshahara. Mwaka 2001, kabla ya filamu ya Steven Spielberg iitwayo A.I. kuingia sinema, katika orodha ya majina ya walioitengeneza lilipachikwa jina la mwanamke mmoja, Jeanine Salla, na cheo chake kilikuwa tabibu wa mashine zenye hisia. Wengi walilipita. Wachache walilitafuta mtandaoni, wakajikuta wamezama katika hadithi ya mauaji iliyotawanywa kwenye tovuti za uongo, barua pepe na ujumbe wa simu. Waliunda kundi wakajiita Cloudmakers, na likafikisha watu maelfu. Waliotunga mchezo huo wamesimulia kwamba mafumbo waliyotarajia yadumu kwa miezi yalifumbuliwa karibu yote siku ya kwanza. Walikuwa wamepima ugumu kwa kichwa kimoja kimoja, ilhali mbele yao kulikuwa na vichwa maelfu: mmoja anajua Kijapani, mwingine kemia, mwingine ala za muziki za karne ya kumi na sita.

Ndiyo maana siusifu ugumu. Fumbo gumu mbele ya umati ni kazi ya usiku mmoja. Kinachofaa kupimwa ni jinsi ujuzi unaohitajika ulivyogawanywa: je, kuna mtu mmoja anayeweza kulimaliza peke yake huku wengine wakipiga makofi? Kama yupo, huo ni mtihani wa darasani, na umati umeitwa kushuhudia tu.

Fumbo la wengi ambalo ningelitega mimi, kati ya Bukoba na Muleba, ni hili: "Alizikwa mara mbili bila kufufuka, kiti chake kilimtangulia mjini." Ona litakavyokwenda. Wa kwanza atataja mkama fulani wa zamani, maana wafalme ndio wenye mazishi ya kutatanisha. Wa pili atakataa: kiti cha mkama hakihamii mjini, tena mji wenyewe ni wa juzi. Halafu atatokea mtu wa Kashozi, palipojengwa misheni mwaka 1892, aandike kwa haraka ya mtu anayeogopa kuwahiwa: "Waitu, Kardinali kwanza alilazwa kwetu." Kweli, Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati hizi, alifariki Desemba 1997 akazikwa Kashozi, na mwaka 2012 mwili wake ukahamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba mjini. Nusu ya fumbo imefunguka. Kiti je? Hapo wa Kashozi hana la kusema. Anayejua ni mtu wa Muleba, pengine aliyepita seminari ya Rubya kama Rugambwa mwenyewe, anayekumbuka kwamba jimbo alilokuwa askofu wake hapo awali liliitwa Rutabo, kwa jina la mahali palipo upande wa Kamachumu, na kwamba mwaka 1960, mwaka uleule aliopewa ukardinali, likawa jimbo la Bukoba. Kiti cha askofu kilikuja mjini mwaka 1960; kaburi lake likafuata miaka hamsini na miwili baadaye.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jibu zima, na hakuna aliyelazimika kuamini neno la mwenzake tu, kwa sababu nusu mbili zilipokutana zilishikana. Mjukuu aliyeko Dar es Salaam, au Minneapolis, akisoma mfululizo huo usiku anauelewa wote, na pengine ndiye aliyeuliza swali la kijinga lililofungua nusu ya pili. Swali la kijinga lina kazi kubwa katika mchezo huu kuliko watu wanavyokubali.

Sasa upande wa mahali. Mwaka 2004 mchezo ulioitwa I Love Bees uliwatuma wachezaji wa Marekani kwenye simu za barabarani: unapewa alama za ramani na saa, unakwenda kusimama pale, simu inalia. Mtu akiiga hilo Bukoba, mimi huangalia jambo moja kabla ya yote: fumbo limefungwa kwenye kitu kitakachokuwepo mwakani? Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi na kuiharibu vibaya shule ya Ihungo, ambayo baadaye ilijengwa upya. Fumbo lililomtaka mchezaji ahesabu madirisha ya bweni la kule lingekufa siku ile, na majengo mapya yangeleta hesabu nyingine na jibu la uongo. Vibao vya maduka ndiyo kabisa. Hubadilishwa rangi kila kampuni ya simu inapokuja na tangazo jipya. Mtegaji mzoefu hufunga fumbo kwenye vitu vizito: kisiwa cha Musira kinavyoonekana kutoka ufukweni, mteremko wa barabara, tarehe iliyochongwa kwenye jiwe. Na hamtumi mtu kwenye ua wa nyumba ya watu wala kwenye kaburi la ukoo. Migomba ya Kihaya ina wenyewe, na walio chini yake wana wenyewe vilevile.

Kuhusu dalili za uongo anazotupia mtegaji ili kuwapoteza wafumbuzi, sina mengi. Moja inakoleza, mbili zinachosha, tatu ni dharau.

Liko tatizo ambalo watungaji wa Marekani hawakulijua, nasi tunaishi nalo. Kwao mchezo ulijivunia kutokiri kuwa ni mchezo: unapokea ujumbe kutoka namba usiyoijua, moyo unakudunda, unaingia. Mtumie mtu wa Muleba ujumbe wa namna hiyo uone. Tumeshazoea zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" na za mganga anayetuma pole kwa tatizo usilokuwa nalo. Ataufuta kabla hajamaliza kuusoma, na atakuwa amefanya vyema. Kwa hiyo mchezo bora wa kwetu hujitambulisha, kama vile jioni ya vitendawili inavyojitambulisha: mtu anasema kitendawili, wengine wanajibu tega, na kila aliyepo anajua kuanzia hapo maneno yamebadilika kazi. Sioni utamu wowote unaopungua.

Siku hizi watu huniuliza kama haya yote hayajapitwa na wakati, maana mashine inajibu. Wana hoja. Mchezo wa Uingereza ulioitwa Perplex City ulikuwa na kadi yenye picha ya mwanamume mmoja, jina lake Satoshi, na agizo la kumtafuta. Wachezaji walimsaka miaka mingi kwa kuulizana, mtu kwa mtu, dunia nzima. Mwishoni mwa 2020 alipatikana, na kilichomfikia ni programu ya kutambua nyuso. Nilifurahi kwamba amepatikana, sikuifurahia njia. Ila funzo la ufundi liko wazi: jibu likiwa tayari limelala mtandaoni, mtegaji amewategea mashine. Kagera bado tuna utajiri wa mambo yasiyolala huko, kama jina la zamani la kijito, mwiko wa ukoo fulani, au kisa cha mapigo ya enanga ambacho mpigaji wa Bukoba anakisimulia tofauti na wa Muleba. Fumbo linalomlazimu mjukuu ampigie bibi yake simu, na bibi aweke jembe chini aanze kusimulia, mashine haina pa kuanzia.

Anayetaka kuona fumbo la wengi katika ukubwa wake wote aende Katuruka, upande wa Maruku. Wazee wa pale walisimulia kwamba mkama Rugomora Mahe aliamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, ukaanguka; na kwamba mti uitwao Kaiija ulihusika na kazi ya uhunzi. Wasomi wengi wangeliita hilo hadithi ya watoto. Karibu na mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba walikomwonyesha, na ardhi ikatoa mabaki ya uhunzi wa chuma wa zaidi ya miaka elfu mbili. Hakuna aliyelitega fumbo lile kwa makusudi, lakini lina sifa zote: lilitawanywa kwa watu wengi, lilifungwa kwenye kitu kizito, na lilipofumbuliwa lilijithibitisha kwa udongo uliotoka chini. Wachimbaji walihitaji wasimulizi na wasimulizi walihitaji wachimbaji.

Wafumbuzi nao wana viwango. Kundi zuri hulitambui kwa kasi, bali kwa jinsi linavyotunza makosa yake. Angalia kama kuna mtu anayeandika majibu yaliyokwisha kukataliwa, na sababu, ili anayeingia saa nne usiku asirudie mkama yuleyule. Angalia pia kama yupo anayeweza kusema sijui bila aibu. Kundi ambalo kila mtu ni mjuzi hubishana mpaka alfajiri juu ya nusu moja ya fumbo. Na tahadhari ya mahali petu: wote ni ndugu, hivyo shemeji wa mtegaji yumo kundini. Hilo si la Bukoba peke yake. Sungura wa dhahabu aliyefichwa ardhini Uingereza na Kit Williams, kwa kitabu chake Masquerade cha 1979, alitwaliwa mwaka 1982 na mtu aliyelikaribia eneo kwa habari za pembeni, huku walimu wawili wa fizikia waliolifumbua kwa haki wakiwa wamechimba palepale wasimwone. Fumbo linaloweza kununuliwa kwa chupa ya konyagi lina tundu, hata kama limetungwa kwa ustadi.

Kipimo cha mwisho huja wakati wa kufumbua. Wakishindwa wakakupa mji, upokee, kisha ufumbue palepale. Mtegaji anayechukua mji na kubaki na jibu ni mwizi wa miji miwili. Halafu nyamaza usikilize wanachobishania. Wakibishania kama fumbo lilikuwa la haki, litupe, halifai kurudiwa. Wakianza kubishania Rutabo ilikuwa kubwa kiasi gani, na nani wa ukoo wao alikuwepo Kashozi siku ya mazishi ya kwanza, na kwa nini hawakuwahi kuambiwa, waachie uwanja.