Mkono Unaosoma Bakora

Mpe mjuzi bakora ya kale, kisha utazame anavyoipokea. Kwanza huishika katikati na kuipima uzito. Halafu hugusisha kishikio chake shavuni, kwa kuwa jino la ndovu hukaa na ubaridi, ilhali plastiki hupata joto upesi. Maswali humjia baadaye.

Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri, ujuzi huu una kazi mbili. Kuna fimbo za wazee wenyewe: Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wagikuyu, ameeleza jinsi mzee wa kiama, yaani baraza la wazee, alivyobeba muthigi, fimbo ya cheo chake, pamoja na fungu la majani ya mataathi. Kisha kuna za walowezi, ambao mji huu ulikuwa kituo chao (Baden-Powell wa skauti alizikwa hapa mwaka 1941). Hao walipenda kutembea na mawindo yao mkononi. Fimbo za mzee na za mlowezi, miaka ikipita, zote huishia nyuma ya mlango wa mjukuu asiyejua ameachiwa nini.

Tuanze na zenye vishikio vyeupe, kwa kuwa ndizo zinazodanganya zaidi. Pale jino la ndovu lilipokatwa kwa upana, utaona mistari myembamba inayokatana; karibu na ukingo wa nje hukatana kwa pembe butu. Mfupa hauna mistari hiyo, ila vitone na vijistari vyeusi, njia za damu za zamani. Jino la kiboko nalo halina mistari inayokatana, na kokwa la mkoma, likichongwa na kung'arishwa, limewahadaa wengi.

Pembe ya kifaru ni nyuzi zilizoshikana, za asili moja na kucha na nywele. Kwa kioo cha kukuzia, ncha iliyokatwa imejaa vitone vilivyosongamana. Pembe ya ng'ombe ni matabaka na ndani ni tupu, hivyo mafundi waliikata vipande na kuvitunga kwenye ufito wa chuma. Mabaharia walitunga pingili za uti wa mgongo wa papa vivyo hivyo. Zitambue kwa miduara ya ndani ya kila pingili. Bakora ya ngozi ya kiboko, ukiielekeza juani, kingo zake hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Hiyo nakiri hunivutia kuliko pembe zote, ingawa ngozi hiyohiyo ndiyo iliyotumika kuchapa migongo ya vibarua mashambani.

Wapo wanaochoma sindano motoni na kuidunga bakora wapate kunusa. Plastiki itayeyuka, kweli, na pembe itanuka nywele, lakini tundu halitaziba tena. Huo si ujuzi, ni pupa. Mwanga, uzito na subira vinatosha karibu kila mara. Henzerani imejaa ndani na mwanzi wa Nyandarua ni mtupu: gonga tu usikie. Mpingo, ukikauka vipi, huzama majini, ingawa sikushauri uizamishe bakora ya babu ya mtu.

Kutambua huku kuna uzito wa sheria pia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtia hatiani anayeweka nyara bila kibali. Mjukuu aliyerithi kishikio cheupe anahitaji kujua ni mfupa wa ng'ombe au ni jino la ndovu kabla hajakipeleka sokoni.

Wachuuzi huchangamkia pembe na kuipa fimbo ya mutamaiyu, mzeituni wetu wa mwituni, bei ya kuni. Hapo ndipo ninapokosana nao. Mti huo ni mgumu, mchwa hauuwezi kirahisi, na michirizi yake ya kahawia iliyokoza hujipinda hivi kwamba hakuna fimbo mbili zinazofanana. Tena hutunza habari za mwenyewe: kiganja kimeulainisha na kuutia weusi pale kilipozoea, na ncha imelika upande mmoja, ule alioelemea akipanda mlima.