Ufa Kwenye Yai

Mara ya kwanza nilipotazama Fracture nilimpigia makofi muuaji. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu anayesomea sheria, kompyuta tumeiweka juu ya kitanda cha hosteli. Jaji alipotamka kwamba mshtakiwa yuko huru, sote tulicheka kwa furaha. Kisha rafiki yangu akaniuliza, "Hivi tunashangilia nini?" Sikuwa na jibu. Nimeirudia filamu hiyo mara kadhaa tangu siku ile, na kila mara swali lake linanisubiri palepale.

Filamu hii ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Gregory Hoblit, haina fumbo la nani kaua. Mapema kabisa tunamwona Ted Crawford (Anthony Hopkins), mhandisi tajiri wa mambo ya ndege jijini Los Angeles, akimpiga mkewe Jennifer risasi ya kichwa ndani ya nyumba yao. Jennifer hafi, anabaki hospitalini bila fahamu. Crawford anawasubiri polisi na anakiri. Kesi anapewa Willy Beachum (Ryan Gosling), mwendesha mashtaka kijana ambaye tayari mguu mmoja uko nje ya ofisi ya serikali, maana amepata kazi kwenye kampuni kubwa ya mawakili. Maungamo yapo na bastola ipo. Anadhani ni kazi ya siku moja.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Bastola iliyokutwa nyumbani haijawahi kufyatuliwa. Afisa aliyepokea maungamo, Rob Nunally, alikuwa hawara wa Jennifer, na alimvamia mshtakiwa kwa hasira siku ya kukamatwa. Maungamo yanatupwa nje. Risasi imo kichwani mwa mgonjwa, haiwezi kutolewa. Kilichobaki mahakamani ni hasira ya Beachum na tabasamu la Crawford. Kwa lugha ya mahakama zetu, mshtakiwa hana kesi ya kujibu.

Kwa kuwa tulishaona kila kitu, kinachotushikilia si siri bali waigizaji wawili. Hopkins anaigiza kwa kutulia. Crawford anakataa wakili, anajitetea mwenyewe, na sehemu kubwa ya kesi anakaa tu huku mwenzake akihangaika. Anaposimama kuweka pingamizi, anajifanya hajui hata pingamizi lake linaitwaje kisheria, kisha anatoboa siri ya uzinzi wa Nunally mbele ya wote. Ule ujinga wa kujifanya ndio silaha yake. Hopkins hapandishi sauti, anaishusha, hadi sisi watazamaji tunajikuta tumeinama kumsikiliza.

Gosling anafanya kinyume. Beachum hatulii. Mara simu, mara koti, mara anamkatisha mtu kabla hajamaliza sentensi. Ana lafudhi kidogo ya nyumbani kwao Oklahoma, na ana haraka ya mtu aliyetoka pasipo na kitu asiyetaka kurudi. Crawford anakiona hicho mapema. Anamsimulia habari ya utotoni ya kupima mayai kwa mwanga ili kutafuta yenye nyufa, akimaanisha kwamba kila kitu kina mahali pake dhaifu. Ufa wa Beachum ni kupenda kushinda. Kisha mwanga ule anamulikwa kweli: Nunally anajitolea kutengeneza ushahidi wa uongo, Beachum anayumba, halafu anakataa. Anashindwa kesi, na ile kazi mpya inampotea. Kuanzia hapo Gosling anapunguza mwendo wake wote. Mtu aliyekuwa akipita tu mahakamani anaanza kukaa.

Hoblit huyu ndiye aliyeongoza Primal Fear mwaka 1996, filamu iliyomtambulisha Edward Norton akiwa na Richard Gere. Kule mtazamaji anadanganywa pamoja na wakili, na ukweli unamwangukia mwishoni. Hapa mtazamaji ndiye shahidi pekee aliyeona tendo lenyewe, na hakuna wa kumwita kizimbani. Nadhani hili ndilo linaloeleza makofi yetu. Tulijua ukweli, kwa hiyo ukweli ulikuwa rahisi kwetu. Tukaugeuza kuwa mchezo, tukampa alama aliyecheza vizuri zaidi.

Rafiki yangu ana ugomvi mwingine na filamu hii, nao ni wa kisheria. Crawford anaamuru mashine ya kupumulia ya mkewe izimwe. Beachum anakimbilia kuzuia, anachelewa. Baadaye anagundua kwamba Crawford alibadilisha bastola yake na ya Nunally, kwani zilikuwa za aina moja, na kwamba sasa risasi inaweza kutolewa ilinganishwe. Na kwa kuwa Jennifer amekufa, kuna shtaka jipya la mauaji. Mahakama Kuu ya Marekani ilishakubali mwaka 1912, katika kesi ya Diaz, kwamba kifo kinachotokea baadaye kinaweza kuzaa shtaka jipya. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai hapa Tanzania nayo ina kifungu cha namna hiyo. "Lakini Diaz alikuwa ametiwa hatiani kwa shambulio," rafiki yangu anasema. "Crawford aliachiwa." Anataja kesi ya Ashe dhidi ya Swenson ya mwaka 1970: jambo likishaamuliwa kwa faida ya mshtakiwa, serikali haiwezi kuliibua tena kwa jina jingine. Wakili mzuri angepigania hapo. Labda ndiyo maana filamu inakatika kesi ya pili inapoanza tu, na Crawford, aliyesema hahitaji wakili, safari hii amezungukwa na mawakili.

Mimi ugomvi wangu uko kitandani hospitalini. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Humu nyasi pia zinatakiwa kutoa ushahidi. Kichwa cha Jennifer ni kabati lililofungiwa kielelezo, na ili haki ipatikane lazima kwanza afe. Embeth Davidtz anapewa dakika chache za kuwa mtu, kisha anakuwa mwili. Hatujui alitaka nini, wala alimwogopa mumewe tangu lini. Filamu inamtuma Beachum kumtazama pale wodini, na Gosling anaingia kwa aibu kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba faili lina uso. Ni tukio fupi. Nadhani ndilo bora kuliko yote, kwa sababu hakuna mpinzani chumbani na hakuna cha kushinda.

Wiki iliyopita tuliitazama tena, kompyuta juu ya kitanda kilekile. Jaji alipotamka kwamba mshtakiwa yuko huru, rafiki yangu hakucheka. Mimi nilijikuta nikitabasamu, kwa sababu Hopkins ni mzuri mno pale. Halafu nikaona mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka.