Weupe wa Dughulushi Ulivyodumishwa

Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, alituma kwa baba yake Ujerumani mbegu za kimmea cha maua ya zambarau kinachoota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, alikipa jina la Saintpaulia ionantha. Ndicho dughulushi.

Majani ya porini ni ya kijani. Yale yenye kingo nyeupe, yanayopamba madirisha mengi leo, asili yake ni Marekani: mwaka 1959 mmea wa aina ya 'White Pride' ulichipuza majani ya namna hiyo, ukaitwa 'Tommie Lou'. Kuyadumisha ndiko kulikohitaji ufundi.

Sehemu nyeupe haina klorofili, hivyo jani zima hulishwa na kijani kilichobaki. Tena weupe huo hurithiwa kwa mama peke yake. Chavua ya mmea wenye mabaka hayo meupe ikipakwa kwenye ua la mmea wa kijani, miche yote huota kijani. Wazalishaji walipolijua hilo, wakaufanya mmea wenye mabaka kuwa ndio unaobeba mbegu, na chavua wakaitoa kwa wenye maua waliyoyataka.

Hali ya hewa nayo ina usemi mkubwa. Baridi huzidisha weupe; joto na mbolea yenye naitrojeni nyingi huurudisha ukijani. Anayeiotesha mimea hii kule Mnazi, kwenye joto la tambarare chini ya milima, asishangae kingo zikififia: apunguze naitrojeni na atafute dirisha lenye mwanga lisilopigwa na jua kali. Lushoto mjini, mwezi Julai, tatizo hugeuka. Majani huweza kuwa meupe mno hata mmea ukadumaa, na hapo naitrojeni kidogo ni dawa.

Kwenye kuzalisha kwa jani ndiko wengi hupoteza miche. Huchaguliwa jani lenye kijani kingi, kikonyo hukatwa mshazari na kuchomekwa kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. Vitoto vikichomoza vyeupe pepe, visitenganishwe haraka, kwani vinanyonya kwa jani mama. Viachwe hapo, penye joto, hadi kijani kionekane katikati ya majani yao. Kisha kila kimoja kihamie kwenye kopo lake, na maji yatiwe kwenye kisahani cha chini, yasiwe ya baridi.