Kicheko cha Watazamaji na Safari ya Watoto

Iko michezo ya sinema ambayo mtazamaji hutoka nayo ukumbini na uchungu moyoni, na iko ile ambayo hutoka nayo na moyo mwepesi. Wahakiki wengi wamezoea kuiita ile ya kwanza michezo ya maana, na hii ya pili wakaihesabu kuwa pipi ya kutulizia watoto. Nakusudia katika kurasa hizi kuupima uamuzi huo kwa mchezo mmoja, Africa United, ulioongozwa na Debs Gardner-Paterson, ukaandikwa na Rhidian Brook, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Sitautazama mchezo wenyewe tu. Nitawatazama pia watazamaji wake, maana kicheko cha mtu hueleza mengi ambayo ulimi wake haukukusudia kuyasema.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Fabrice ni mvulana wa Kigali, mtoto wa nyumba yenye neema, hodari wa kandanda, ambaye mama yake angependa aushike zaidi msomi kuliko mpira. Rafiki yake Dudu ni yatima, mwenye maneno mengi na akiba kidogo, aliyejiteua mwenyewe kuwa msimamizi wa mambo ya mwenzake. Fabrice apata nafasi ya kwenda kujaribiwa kwa ajili ya sherehe za Kombe la Dunia huko Afrika ya Kusini. Watoto hao pamoja na Beatrice, dada yake Dudu, wapanda basi lisilo lao, wakajikuta Kongo bila ya hati mkononi. Tangu hapo safari ya kwenda Johannesburg yawa ya miguu na ya bahati, na njiani wapata wenzi wengine: Foreman George, mtoto aliyelitoroka jeshi la wapiganaji, na Celeste, msichana aliyekimbia mahali alipotumikishwa katika uchafu. Vita, utumwa wa mwili, uyatima na UKIMWI vyote vimo. Juu ya hayo yote watazamaji hucheka.

Je, ni haki kucheka? Hapo ndipo watu walipogawanyika. Kundi moja lilisema kwamba mchezo huu umepaka sukari juu ya kidonda. Kwamba askari mtoto haponi kwa wimbo na mzaha wa njiani, na kwamba mtu wa mbali akitoka ukumbini anatabasamu atadhani Afrika haidai kitu kwake. Kundi la pili lilishukuru. Lilisema kwamba kwa miaka mingi sinema za nchi za ng'ambo zilituonyesha bara hili kwa machozi na bunduki, kama vile Hotel Rwanda ya mwaka 2004 na Blood Diamond ya mwaka 2006, na katika michezo ya namna hiyo mtoto wa Kiafrika aghalabu huwa mtu wa kuokolewa tu. Hapa, kwa mara moja, watoto wenyewe ndio wanaookoana. Makundi haya mawili yote yana sehemu ya kweli, lakini nadhani hakuna lililouliza swali lililo la msingi: nani anacheka, na anacheka nini?

Nilijifunza kuuliza swali hili siku nilipoutazama mchezo huu pamoja na wanafunzi, wengine wa pwani, wengine wa nchi za Maziwa Makuu, na wageni wachache kutoka Ulaya. Mwanzoni kabisa Dudu atufundisha namna ya kutengeneza mpira: achukua mpira wa kinga, aujaza pumzi, aufunika kwa takataka laini, kisha aukaza kwa kamba. Ukumbi mzima ulicheka, lakini vicheko havikuwa vya namna moja. Wageni walicheka kwa mshangao, kama mtu aonyeshwaye kiini macho. Wanafunzi wetu walicheka kwa kumbukumbu. Kijana mmoja karibu yangu alikuwa akicheka huku mikono yake ikizungusha kamba hewani, maana mpira wa matambara na mifuko ya plastiki aliusuka mwenyewe utotoni. Wa kwanza alicheka ustadi wa mwingine, wa pili alicheka maisha yake. Mhakiki akiandika kwamba watazamaji walifurahi, bado hajasema kitu mpaka atenganishe furaha hizi mbili.

Jambo la pili lilikuwa jina la Dudu. Kwa mgeni ni jina tamu la kitoto, lenye mlio wa ngoma. Kwa sikio la Mswahili ni neno lenye maana, na maana yake si njema: dudu ni mdudu aliye mkubwa au wa kuchukiza. Tena watu wetu wamezoea kuviita vijidudu vya maradhi wadudu, na UKIMWI haukuachwa nje ya desturi hiyo. Basi inapofunuliwa katika mchezo kwamba mtoto huyu mcheshi ana maradhi hayo katika damu yake, mgeni hushtuka, lakini msemaji wa Kiswahili husikia kama kwamba jina lilikwisha mwonya. Sidai kwamba mwandishi wa mchezo alikusudia hivyo. Nasema tu kwamba mchezo mmoja uliwafikia watu wawili kama michezo miwili, na uliomfikia Mswahili ulikuwa na giza zaidi tangu mwanzo. Hata hivyo alicheka. Kicheko chake hakikutokana na ujinga wa mambo.

Hapa nataka kuitetea furaha mbele ya wale wanaoishtaki. Sisi tuliolelewa na ngano za bibi zetu twajua kwamba hadithi ya watoto wanaosafiri ni ya kale, na kwamba haikuwa ya upole hata kidogo. Mtoto huchukiwa na mama wa kambo, hutumwa msituni, hukutana na zimwi, humezwa akiwa hai. Hata hivyo msimulizi alianza kwa kuita "Paukwa!", na sisi tulijibu "Pakawa!" kwa furaha, nasi tulilala usingizi mwema baada ya zimwi kupasuliwa na waliomezwa kutoka. Je, bibi alitudanganya? Hasha. Alijua, nasi tulijua, kwamba yuko mtoto aliyekwenda asirudi. Furaha ya ngano haikuwa habari juu ya jinsi ulimwengu ulivyo. Ilikuwa mazoezi ya moyo, ili mtu akikutana na zimwi lake asife kwa hofu kabla ya kufa kwa meno.

Mchezo huu waelewa jambo hilo mahali pamoja, napo ndipo palipo bora kuliko pote. Njiani Dudu huwasimulia wenzake hadithi aliyoitunga, nayo huonyeshwa kwa vikaragosi vilivyo kama vya kutengenezwa na mikono ya watoto. Eriya Ndayambaje, aliyeigiza Dudu, asimulia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba akinyamaza wenzake watakaa chini wasiinuke tena. Hapo furaha imelipiwa thamani yake. Aliye mgonjwa ndiye mwenye kuwatia wazima nguvu, naye hafanyi hivyo kwa kuuficha ubaya wa njia bali kwa kuupa umbo la zimwi linaloweza kushindwa. Mhakiki anayesema kwamba furaha hii ni ya uongo hakumsikiliza Dudu.

Lakini kutetea furaha si kutetea kila kitu. Mchezo huu una upungufu, nao nauona mahali pengine kuliko pale ulipoonwa na walio wengi. Upungufu wa kwanza ni wa lugha. Mazungumzo ya watoto karibu yote ni ya Kiingereza. Kwa watoto wa Kigali jambo hili halikosi udhuru, kwa kuwa serikali ya Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Lakini njia yao yapita mashariki ya Kongo na Burundi, nchi ambazo msafiri asiye na fedha hununua ndizi, huomba maji na hujitetea mbele ya askari kwa Kiswahili. Bujumbura ina mtaa mzima wa Buyenzi unaojulikana kwa Kiswahili chake, na Rwanda yenyewe ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Mchezo unaotangaza kwa jina lake umoja wa Afrika uliipita lugha ambayo umoja huo huitumia sokoni kila siku. Watazamaji wetu walilihisi jambo hili hata wasiolitamka, na katika sehemu hizo kicheko kilipungua.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Johannesburg katika mchezo huu ni mji wa ahadi, na Soccer City ni kama lango la pepo. Lakini mtazamaji wa Kiafrika hakuweza kusahau kwamba mwezi wa Mei mwaka 2008, miaka miwili tu kabla ya Kombe, wageni kutoka Zimbabwe, Msumbiji na kwingineko walishambuliwa katika vitongoji vya mji ule ule, watu zaidi ya 60 wakauawa na maelfu wakafukuzwa katika nyumba zao. Watoto wasio na hati, wenye lafudhi ya kigeni, wangefika mji huo kwa namna gani? Ngano humwonyesha zimwi kabla ya kumpasua. Mchezo huu uliwaonyesha mazimwi wa njiani, lakini zimwi lililokaa mlangoni mwa karamu haukulitazama usoni. Hapo, na hapo tu, nakubali kwamba sukari imepakwa.

Tena kuna jambo ambalo watengenezaji hawakulitawala. Mchezo uliwafikia watu katika Septemba na Oktoba 2010, karamu ikiwa imekwisha kuondoshwa mezani. Timu sita za Afrika ziliingia katika Kombe lile, tano zikatoka katika duru ya kwanza, na Ghana ikashindwa na Uruguay kwa mikwaju ya penalti tarehe 2 Julai, katika uwanja ule ule wa Soccer City, baada ya mkono kuuzuia mpira uliokuwa ukiingia golini na Asamoah Gyan kuugonga mwamba kwa penalti yake. Kwa hiyo aliyewatazama watoto wale wakikimbilia uwanja alikuwa akijua yaliyotendeka ndani yake. Furaha yake ilichanganyika na huruma, kama ya mzee amwonaye kijana akienda harusini na yeye amejua habari za ndoa. Nadhani jambo hili liliuongezea mchezo uzito ambao haukuwa nao mezani kwa mwandishi.

Hukumu yangu basi ni hii. Mchezo unaofurahisha si mdogo kwa sababu unafurahisha. Ni mdogo pale unapofurahisha kwa kuruka. Africa United hauruki ugonjwa, vita wala uyatima, bali unaviruka vizuizi vilivyowekwa na sisi wenyewe baina ya jirani na jirani. Mwanafunzi wa kwanza atakayeandika juu ya sinema zetu asianze kwa kuuliza kama watu walicheka au walilia. Na aketi katikati yao, asikilize wapi kicheko kilianza, nani alikianza, na wapi kilikatika.

Taa zilipowashwa jioni ile, msichana mmoja aliyetoka upande wa Ziwa Tanganyika alikuwa bado amekaa kitini, wenzake wakipiga makofi. Nilimwuliza kama hakupendezwa. Alijibu, "Nimependezwa, Mwalimu, na nimecheka na wenzangu. Lakini muda wote nilikuwa nikihesabu mipaka."