"Haiwaki": Neno Moja, Hitilafu Tatu

Tumepata kuisoma, mjini Songea, karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa ajili ya watumishi wa ofisi, ihusuyo kompyuta ya mezani iliyowashwa lakini haionyeshi kitu. Ofisi iliyoitoa hatutaitaja, maadamu tunachokihakiki ni lugha. Sarufi yake ni safi na tahajia yake haina dosari. Kasoro imo katika istilahi, nayo ni kasoro inayogharimu fedha za umma.

Karatasi inaanza hivi: "Iwapo kompyuta haiwaki, kagua umeme." Kitenzi *kuwaka* tumekirithi kutoka kwenye moto, kikahamia kwenye taa, na huko hakikuleta shida, kwani taa ikipata nguvu huonekana papo hapo. Kompyuta sivyo. Kwanza hupokea umeme, feni zikazunguka na taa yake ndogo ikang'aa. Kisha hujikagua na kuanza kazi. Ndipo hupeleka picha kwenye kiwambo. Karani aonaye kiwambo cheusi husema "haiwaki" ijapokuwa feni zinavuma miguuni pake, na fundi aliyeitwa kwa neno hilo huja na kigawa umeme kipya, kumbe kile cha zamani ni kizima. Yamkini Songea dhana hiyo ina mizizi zaidi kuliko kwingine: mpaka mji ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, umeme wake ulitegemea mitambo ya dizeli, na kila kitu kilichozimika kilianza kushukiwa umeme.

Mafundi wa televisheni walikwisha kulitatua jambo hili bila kuitisha kikao. Husema "ina sauti, haileti picha", na kila mtu akaelewa. Tunapendekeza wafasiri wafuate njia hiyo: *kuwaka* kubaki kwa umeme, *kuamka* kutumike kwa mashine kuanza kazi, na *kuleta picha* kwa kiwambo. Wapo watakaopinga kwamba kuamka ni kwa viumbe wenye roho. Lakini injini zetu hufa na saa zetu hutembea, wala hatujasikia malalamiko.

Kosa la pili ni zito zaidi. Karatasi inaagiza: "Zima mtambo, ondoa kumbukumbu zote, kisha uzirudishe moja moja." Kifundi agizo ni sahihi. Vibao vya kumbukumbu vikilegea au vikishika vumbi, mashine huweza kuwaka bila kuamka. Basi huchomolewa waya wa umeme, vibao vikatolewa, vikafutwa na kushindiliwa tena hadi vibanio vifunge, na kujaribu kimoja kimoja huonyesha kilicho kibovu. Lakini mfasiri amesahau anamwandikia nani. Katika utumishi wa umma *kumbukumbu* ni majalada ya masjala, na kila barua ya serikali hubeba "Kumb. Na." kichwani pake. Mtumishi mtiifu akiambiwa aondoe kumbukumbu zote atakwenda kufuta majalada ya watu. Mtumishi mwangalifu atakataa kuigusa mashine, na hapo mwangalifu ndiye mwenye haki. Ukweli ni kwamba majalada yaliyohifadhiwa yamo katika diski, ilhali kumbukumbu inayosemwa hapa husahau kila kitu mara umeme ukatikapo. Neno *ramu*, wanalolitumia mafundi wenyewe, lingeliondoa hatari yote. Hatuoni aibu kulikopa. Aibu ni kumpotezea mwalimu alama za wanafunzi wake kwa ajili ya neno lenye sura ya Kiswahili.

*Kiwambo* ni istilahi njema: mtu huwamba ngoma, na sikio lina kiwambo chake. Ila ukurasa huohuo unakiita pia kioo na skrini, hata msomaji akadhani ni vitu vitatu. Kisha unasema waya wake uchomekwe "nyuma ya kompyuta", mahali penye matundu mawili yanayofanana pale ambapo mashine ina kadi ya picha ya pekee. Waya ukiingizwa katika tundu la bodi kuu badala ya lile la kadi, mara nyingi kiwambo hubaki cheusi, na hakuna kilichoharibika. Istilahi *kadi ya picha* ilikuwapo, haikutumiwa. Na ilani ya kiwambo kisichopokea kitu imefasiriwa "Hakuna mawimbi", kana kwamba tutafute antena.

Nchi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza, katika Wizara ya Fedha, mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Baraza kuundwa; mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku. Zilipofunguliwa njia, tulibishana sana juu ya jina la mashine, iwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na majina ya hitilafu zake tukayaachia bahati.

Sentensi ya kwanza ya karatasi ile tungeiandika hivi: "Iwapo kompyuta imewaka lakini haileti picha, kwanza tazama kama kiwambo chenyewe kina umeme, kisha kama waya wake umeingia katika tundu la kadi ya picha. Feni zikizunguka, usibadili kigawa umeme kabla ya kukagua ramu."