Kelele au Mvumo? Maoni juu ya Santuri ya Hukwe Zawose na Michael Brook

Mwanafunzi wangu mmoja, aliposikia ilimba ya Wagogo kwa mara ya kwanza, aliniuliza kama chombo kile kimepasuka. Swali lake lastahili kujibiwa, kwa kuwa laonyesha hukumu ambayo wengi wetu huitoa bila kuipima: ya kwamba sauti njema ni sauti safi, na kila mkwaruzo ni kasoro. Santuri iitwayo Assembly, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 2002, yatupa nafasi ya kulichunguza jambo hili. Wenye kazi hiyo ni wawili: marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doma katika Mkoa wa Dodoma, na Michael Brook wa Kanada, mpiga gitaa la umeme.

Kwanza tukiangalie chombo. Katika kasha la ilimba hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui. Ulimi wa chuma unapobonyezwa, utando hutetema na kuongeza mvumo juu ya sauti. Mvumo huo si ajali. Fundi huutafuta kwa makusudi, na utando ukichanika hubandika mwingine. Mwanafunzi wa lugha hapaswi kustaajabu. Herufi z ni mkwaruzo wa pumzi uliochanganyika na mtetemo wa koo. Tukiiondoa, neno zeze, jina la chombo kingine cha Zawose, labakia irabu mbili tupu. Kelele ndiyo ibainishayo maana.

Kwa hiyo kulileta gitaa la umeme si upotovu. Brook alibuni gitaa ambalo mlio wake haufifii mpaka mpigaji aukate. Mlio wa ilimba hufa upesi. Basi vyombo hivi vyaweza kukamilishana: kimoja hutia nukta, kingine huchora mstari. Pale gitaa linapokaa nyuma na kuacha nafasi, santuri hii yapendeza sana.

Walakini pana kasoro mbili. Ya kwanza, mlio usiofifia huufunika mvumo wa utando, ambao ni mwembamba. Ya pili yahusu ulinganifu. Uimbaji wa Wagogo hufuata ngazi ya sauti za asili zitokazo katika uzi mmoja, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba iko chini ya sauti ya gitaa iliyo karibu nayo kwa kadiri ya theluthi moja ya nusu-toni. Tofauti ni ndogo, bali ndiyo lafudhi ya Kigogo katika muziki. Na gitaa likiishikilia sauti yake hapo, sikio huvutwa kudhani kwamba aliyekosea ni Zawose. Ni sawa na kumsahihisha Mgogo matamshi ya lugha ya mama yake.

Zawose alifariki mwishoni mwa mwaka 2003, wala mazungumzo hayo hayakuweza kuendelea. Atakaye kuisikia sauti yake bila pazia na aanze na Chibite ya mwaka 1996, aliyoirekodi pamoja na Charles Zawose, kisha airudie Assembly. Hapo ataweza kupambanua kilichoongezwa na kilichofunikwa. Na mwanafunzi wangu nilimjibu kwamba chombo hakikupasuka. Mvumo wake ungalinyamaza, hapo ndipo fundi angalikitengeneza.